Jina Chini ya Bakuli

Wasomaji wa jarida hili wanaijua ada ya washairi wetu: shairi linapokaribia tamati, mtunzi hujitaja. Hutoa jina lake au lakabu yake, mara nyengine na jina la babake na mtaa anaokaa, ili atakayetaka kumjibu ajue pa kumpata. Hatuoni kuwa hayo ni majivuno. Shairi lisilo na mwenyewe tunalishuku, na huweza kuzuka ugomvi wa miaka juu ya nani aliyelitunga. Sasa nakuombeni mtoke barazani muingie jikoni. Pale palipo na mtungi wa maji, au chetezo cha kufukizia udi, ulizeni nani aliyekifinyanga. Aghalabu hapana ajuaye, na anayeulizwa hushangaa kwamba suali kama hilo lipo.

Kwa nini mwenye kufinyanga maneno awe na jina, na mwenye kufinyanga udongo asiwe nalo? Suali hili sikulipata nyumbani, ijapokuwa nimelelewa na mfinyanzi. Nililipata mbali, katika kibanda cha mabati nyuma ya chuo kikuu kimoja mjini Kyoto, Japani, siku niliyopewa msumari nikaambiwa niandike jina langu chini ya bakuli.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mfinyanzi kaskazini ya Pemba. Udongo aliuchimba mwenyewe bondeni, akaubeba kichwani, akauanika, akautwanga, akauchekecha na kuuroweka. Hakuwa na gurudumu. Alianza na donge moja akalitoboa kwa ngumi, kisha akapandisha kuta kwa mapindo ya udongo aliyoyasokota viganjani, huku chombo kimetulia na yeye ndiye anayekizunguka, ameinama, hatua baada ya hatua. Ndani alikwangua kwa kipande cha kifuu. Nje alisugua kwa kijiwe kilichokuwa laini kwa kutumiwa na mama yake kabla yake. Siku ya kuchoma alivipanga vyombo uwanjani, akaviotesha moto mdogo kwanza, kisha akavifunika kwa kuni, makumbi na makuti. Tulikula kwa kazi hiyo, na madaftari yangu yalinunuliwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo nilipoulizwa skuli bibi yangu anafanya kazi gani, nilisema analima. Ule msemo wa mfinyanzi kulia gaeni wenzangu waliujua, na waliutumia. Aibu hiyo naitaja kwa sababu bila ya hiyo haya mengine hayatafahamika.

Nilikwenda Japani kwa ufadhili, kusomea kilimo. Mwaka wa masomo huko huanza Aprili, wakati miti ya sakura imechanua, na katika wiki za mwanzo njia za chuo hujaa wanafunzi wa zamani wanaowagawia wapya vikaratasi: njoo ulenge mishale, njoo uimbe kwaya, njoo upande milima. Vikundi hivi si vya kupotezea wakati. Wengi hudumu humo miaka yao yote ya chuo, na hata wakishaoa na kuzeeka bado huitana wakubwa na wadogo kwa mujibu wa mwaka aliojiunga kila mmoja. Nilitiwa mkononi kikaratasi chenye picha ya mtungi iliyochorwa kwa kalamu ya wino. Nilikaribia kukitupa. Nilikuwa nimevuka bahari mbili ili niwe mbali na udongo wa namna hiyo, na sasa watoto wa madaktari na wahandisi walikuwa wananialika niuchezee, tena kwa kulipa ada.

Nadhani nilikwenda kwa ubishi. Nilipofungua mlango wa kile kibanda nilipokewa na harufu ya uwanja wa bibi baada ya mvua, nikabaki nimesimama kizingitini mpaka mtu akanikaribisha kwa mara ya pili. Ndani mlikuwa na magurudumu ya umeme, joko la umeme lenye ukubwa wa kabati la nguo, rafu zilizojaa vyombo vya kila mtu, na beseni la mabaki. Kwani hapana kilichotupwa, kila chombo kilichoharibika kabla ya kuchomwa kilirudishwa majini kiwe udongo tena. Udongo wenyewe ulikuja umefungwa katika mifuko ya plastiki kutoka Shigaraki, mji ulioko mkoa jirani wa Shiga, ambako watu wamefinyanga kwa karne nyingi.

Mgeni hakuruhusiwa kukimbilia gurudumu. Wiki nyingi za mwanzo zilikuwa za kufagia, kufuta rafu na kukanda. Ukandaji huo una taratibu yake: donge huzungushwa na kugandamizwa kwa kiganja kimoja mpaka lifanye mikunjo kama petali za ua la krisanthemumu, na kusudi lake ni kutoa hewa yote iliyojificha ndani. Mkubwa wetu, kijana mpole wa mwaka wa nne aliyekuwa akisoma hisabati, alikuwa akilikata donge langu kwa uzi, akitazama ule mkato, kisha akinirudishia bila ya neno. Nilijua maana yake: bado mna tundu.

Nilipofika kwenye gurudumu niliaibika. Magurudumu ya Kijapani kwa desturi huzunguka kwenda upande wa mshale wa saa, tofauti na yale ya Ulaya. Mimi sikujua upande wowote. Udongo uliniruka, ukanichapa, ukanitoka. Mwezi wa tatu nilichoka, nikachukua donge langu, nikaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya chumba, nikaanza kulizunguka kama alivyokuwa akizunguka bibi. Sikuwa nimefanya hivyo tangu utoto. Mikono ilikumbuka kuliko mimi. Nilipoinua kichwa, kundi zima lilikuwa limesimama.

"Nani aliyekufundisha?" mkubwa aliuliza.

"Bibi yangu."

"Anaitwa nani?"

Huko, msomaji mpenzi, suali hilo ni la kawaida, kama sisi tunavyouliza mtu kasoma chuo kwa maalim gani. Lakini mimi nilinyamaza. Si kwamba sikulijua jina la bibi yangu. Sikuwahi kulitamka. Nyumbani alikuwa Bibi. Kijijini alikuwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe mkubwa. Sokoni alikuwa yule bibi wa mitungi. Nililitamka, nao wakalirudia, kila mmoja kwa ulimi wake, katika chumba kilicho mbali na Pemba kwa maelfu ya maili.

Siku zile zile ndipo nilipopewa msumari. Joko ni la shirika, vyombo vya watu wengi huchomwa pamoja na vingi hufanana, kwa hiyo kila mtu huchora alama yake kitakoni udongo ungali mbichi. Nilichora herufi ya kwanza ya jina langu, nikajiona kama niliyesema uongo. Umbo lile halikuwa langu. Nikakifuta. Nikachora herufi ya bibi, nikaona huo nao ni uongo, maana yeye hajakiona chombo hiki na pengine asingekikubali. Mwishowe nilirudisha ya kwangu, kwa kukosa la kufanya.

Alama hiyo ilinifunza jambo upesi kuliko nilivyotaka. Vyombo vyetu vilichomwa mara mbili: kwanza katika joto la nyuzi 800 hivi, ili viwe vigumu lakini bado vinywe maji, kisha hupakwa mchanganyiko wa majivu na mawe yaliyosagwa, vikarudi motoni kwa nyuzi zaidi ya 1200, na ule mpako ukageuka kioo. Kabla ya uchomaji wa kwanza niliulizwa kama mtungi wangu umekauka barabara. Nilijua kitako ni kinene na ndani bado mna unyevu. Nilisema umekauka, kwani kukosa joko lile kungenicheleweshea mwezi mzima. Usiku ule maji yaliyonaswa ndani ya kitako yakawa mvuke, mtungi ukapasuka, na vipande vyake vikavunja mabakuli matano ya watu wengine. Moja lilikuwa la yule mkubwa wa hisabati. Alilitengeneza kwa ajili ya mama yake. Tulipofungua joko hapana aliyepandisha sauti. Walikusanya vigae, wakavigeuza kimoja kimoja, wakitafuta kitako chenye alama. Wakakipata. Nikatoka kwenda kuomba radhi kwa watu wanne, mlango kwa mlango.

Kumbe jina si la kusifiwa tu. Aliyejitaja chini ya chombo amesema pia: kikivuja, njooni kwangu.

Baada ya kisa hicho yule mkubwa alinipa kitabu cha Yanagi Soetsu, na namshukuru mpaka leo, ingawa nimekuwa nikigombana na kitabu hicho tangu siku hiyo. Yanagi, aliyeishi kutoka 1889 hadi 1961, ndiye aliyelibuni neno mingei, yaani ufundi wa watu wa kawaida, mwaka 1925, pamoja na wafinyanzi wawili, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro. Mwaka 1936 alifungua mjini Tokyo jumba la makumbusho la vyombo vya aina hiyo. Hoja yake kwa ufupi ni kuwa uzuri wa kweli haumo katika kazi ya msanii anayetafuta sifa. Umo katika chombo cha bei ndogo, kilichofanywa kwa wingi, kwa matumizi ya kila siku, na fundi asiye na jina, ambaye hakuwa na habari kwamba anafanya kitu kizuri.

Shahidi wake mkubwa ni bakuli liitwalo Kizaemon, lililohifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji hapo hapo Kyoto. Yanagi alipata kuliona mwaka 1931. Ni bakuli la Korea la karne ya 16, na kwa maelezo yake ni chombo cha chakula cha maskini, cha udongo wa kawaida, kilichofanywa haraka na mtu asiyefikiria ila kumaliza kazi ya siku. Likaja Japani, mabwana wa ada ya chai wakaliona, likapita mikono ya matajiri na watawala, na hivi leo limo katika orodha ya hazina za taifa.

Niliposoma maneno hayo nililia. Sina haya kulisema. Kwa mara ya kwanza mtu msomi alikuwa ananiambia kwamba kile nilichokificha skuli ndicho kilele. Nilimuona bibi yangu ameketi mahali pa heshima kuliko wasanii wote wa mjini. Furaha hiyo ilidumu siku tatu au nne.

Kisha nikakumbuka jumba moja la makumbusho nililolizuru kabla ya hapo. Katika kabati la kioo mlikuwa na mtungi wa mwambao wetu. Karatasi yake ilitaja pwani ya Afrika Mashariki, ikataja mwaka ulionunuliwa, na ikataja jina kamili la aliyeununua. Mfinyanzi hakutajwa. Sasa nijiulize: je, fundi yule hakuwa na jina, au hapana aliyemuuliza? Mnunuzi alisimama mbele yake. Walisemezana bei. Suali moja zaidi lingetosha.

Hapa ndipo ninapoachana na Yanagi. Yeye ameufanya usahaulifu wa watazamaji kuwa sifa ya mafundi. Bibi yangu hakuwa mtu asiyejulikana. Chini ya shingo ya kila mtungi alikuwa akibonyeza ukucha mara tatu, na sokoni wanawake waliagiza kwa alama hiyo: nataka wa kucha tatu. Mtungi ukivuja uliletwa mpaka mlangoni, ukapokelewa, ukabadilishwa, na wakati mwengine maneno makali yakasemwa. Walimjua kwa mkono wake kama nyinyi mnavyomjua mshairi kwa vina vyake kabla ya kufika beti ya mwisho. Kutojulikana kulianza pale mtungi ulipovuka maji ukafika kwa watu wasiosoma kucha.

Na tuwe waadilifu: jambo hili halikuanzia kwa wageni. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani za kupangia vyombo vya kauri kutoka China, na makaburi ya Kunduchi na Mambrui yalitiwa mabakuli ya kigeni kuwa pambo. Chungu cha mwenyeji kilibaki mekoni. Waliofukua Shanga na Unguja Ukuu wamekuta vigae vya wenyeji, vingi kuliko vya kigeni, vingine vimechorwa pembetatu kwa ncha ya kijiti, vya zaidi ya miaka elfu moja. Kwa vigae hivyo wataalamu wamesoma zama na wamesoma safari za biashara. Mkono uliochora pembetatu hauna mtu.

Wapo watakaonijibu kwa adabu yetu wenyewe, na jibu lao lina uzito. Watasema: je, hatukufunzwa kuwa wema ni ule unaofichwa? Je, ikhlasi si kufanya bila ya kutafuta kutajwa? Kweli. Lakini anayeficha sadaka yake ana kitu mkononi, naye huchagua kukificha. Hamada aliacha kutia saini kwenye vyombo vyake, akasifiwa kwa unyenyekevu; huku mwaka 1955 serikali ilikuwa imemtangaza kuwa miongoni mwa mafundi wakuu wa taifa, na saini yake ikiwa juu ya visanduku vya mbao ambamo vyombo hivyo viliuzwa. Kawai naye hakutia saini, na zaidi ya hapo alizikataa nishani za taifa alipopelekewa. Namheshimu sana Kawai. Nyumba yake na joko lake kubwa vipo Kyoto, na nimekwenda huko si mara moja. Lakini ili uikatae nishani lazima kwanza uletewe. Kunyamaza kwa mtu aliyeombwa aseme si sawa na kunyamaza kwa mtu ambaye hapana aliyemgeukia, hata kama masikioni ukimya ni mmoja.

Nani basi wa kumlinganisha na bibi yangu? Nimemtafuta, na aliye karibu zaidi nimemuona Nigeria. Ladi Kwali alijifunza kwa shangazi yake kufinyanga mitungi ya maji kwa kuizunguka, akiichora mijusi na kenge. Mfinyanzi wa Kiingereza, Michael Cardew, aliiona kazi yake katika kasri la Emiri wa Abuja, na mwaka 1954 bibi huyo akajiunga na kituo cha mafunzo ambacho Cardew alikianzisha. Akasafiri Ulaya na Marekani, akafinyanga mbele ya watu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakupitia madarasa. Alifariki 1984, na tangu 2007 sura yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alifika Abuja katika miaka ya 1970 akajifunza hapo, na kazi zake zisizotumia gurudumu leo zimo katika majumba makubwa ya dunia kwa jina lake kamili. Je, mitungi ya Ladi Kwali iliharibika uzuri siku jina lake lilipojulikana? Kwa hoja ya Yanagi ingepasa iharibike. Macho yangu hayakuona hivyo. Linalonisumbua ni jengine: kwamba ilihitaji mgeni apite kasrini, na kwamba wanawake wa kijiji chake waliofinyanga sawa naye hawakupitiwa na mtu.

Kila Novemba, katika tamasha la chuo, kikundi chetu kiliuza vyombo. Wanunuzi wa huko wana tabia moja niliyoipenda. Hukishika chombo, hukipima uzito, kisha hukigeuza wakatazama kitako, kama mgeni katika ada ya chai anavyoliinamisha bakuli akishamaliza kunywa. Hapo ndipo udongo unapoonekana uchi na ndipo palipo alama. Bei ya kikombe changu kimoja ingenunua mitungi kadhaa ya bibi. Nilizipokea zile pesa, na sijui kama nilifanya haki. Mimi nilifinyanga jioni za Jumanne na Ijumaa, tumbo limeshiba, na kama joko lingevunja kila kitu ningekula vile vile. Yeye alifinyanga ili tule. Kwa nini wangu uitwe sanaa na wake uitwe kazi? Tofauti haikuwamo kwenye udongo.

Nilirudi likizo na bakuli moja kubwa la maji, bora kuliko yote niliyowahi kufanya, lenye mpako wa kijani kibichi cha majivu. Kitakoni, baada ya kufikiri sana, nilikuwa nimeandika majina mawili kwa herufi za Kiarabu, ambazo bibi anazisoma: lake juu, langu chini.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, macho yamepungua nguvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

Alilipokea kwa mikono miwili. Aligonga ukingo kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kiganja ndani, kisha akaligeuza, na dole gumba lake likasimama juu ya maandishi. Alisoma polepole.

"Hili langu."

"Ndiyo, bibi."

"Nani kakwambia uliandike?"

Nikamueleza habari za kikundi, na kwamba watu wa kule waliliuliza jina lake wakalitaja. Alicheka kidogo, akauliza walilitaja vipi, nikamuigizia, akacheka zaidi. Kisha akamuita shangazi alete maji ya kisima. Akalijaza bakuli, akaliweka kizingitini penye upepo, akaniambia tungoje.

Tulingoja mpaka karibu na magharibi. Alitia vidole, akapapasa tumbo la bakuli kwa nje, pakavu, hapana hata tone. Kioo changu kilikuwa kimeziba kila kinyweleo.

"Halitoki jasho," alisema. "Maji yamepata moto. Mtungi lazima utoke jasho, mwanangu, ndiyo maji yapoe." Akayamwaga yale maji kwenye mche wa mpapai, akalifuta bakuli kwa upindo wa kanga yake, na akamwambia shangazi atie mchele.